Msumari Uliogeuka Dhahabu

Tarime mjini,
Jumatano asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Najua umeitikia marahaba huku unatafuta miwani, na miwani yenyewe iko kichwani. Magoti yanasemaje na baridi ya Usangi? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka Elinami akuletee, unaipaka, au umeifungia kabatini ili isiishe? Mpare wewe, nakujua. Tangawizi imestawi? Huku mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, ila wa kuyapalilia hawapo, wote wako kwenye mashimo ya dhahabu.

Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umevurugika. Naandika badala ya kukupigia kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, hata wapita njia wanaitikia salamu zangu. Haya si ya wapita njia. Usinicheke mwandiko, nimekaa kwa mama ntilie hapa stendi, meza inacheza. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama utataka kukasirika.

Unakumbuka nilikuambia kuhusu Bhoke, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu? Yule mrefu, mwenye maswali mpaka yanakera. Ukimwambia kitu hakubali mpaka akione. Jumamosi anaponda mawe ya dhahabu na mama yake, Jumatatu anakuja darasani vidole vimevimba, lakini mkono wa kwanza kunyooka ni wake. Darasa hilo mwaka lilipoanza lilikuwa limejaa. Sasa wavulana wamekwenda mashimoni, wasichana wameolewa, siku nyingine nafundisha madawati. Bhoke hajawahi kukosa.

Maabara hatuna, mama. Tuna stoo yenye chupa chache na kufuli. Nilipofundisha asidi na alikali tulitumia vya nyumbani. Tuliponda maua mekundu ya uani kwa mkuu wa shule, tukapata maji ya zambarau. Tukitia limao yanakuwa mekundu ya kuwaka, tukitia magadi, yale yale unayotia kwenye makande, yanageuka kijani. Walipiga kelele kama wanaangalia mpira. Bhoke akachukua majivu ya jikoni, akayachuja, akayajaribu, akakuta nayo yanageuza kijani. Akaniambia, "Mwalimu, kumbe bibi yangu anapooshea vibuyu majivu anafanya kemia!" Nikamwambia ndiyo, ila bibi yako hafanyi mtihani.

Tukaingia kwenye metali. Nikawaeleza kwamba metali nazo zina wenye nguvu na wanyonge, zinagombea kiti. Chuma kina nguvu kuliko shaba. Ukichovya msumari kwenye maji yenye shaba iliyoyeyuka, chuma kinaingia majini, shaba inafukuzwa, inatoka na kujishika juu ya msumari. Nilikuwa nimenunua mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba, kwenye duka la dawa za mifugo. Tukaukoroga, maji yakawa bluu safi, kila mmoja akachovya msumari wake.

"Na dhahabu, mwalimu?" Bhoke akauliza. "Iko wapi kwenye huo ugomvi?"

"Dhahabu iko mkiani kabisa. Haigombani na mtu. Ukiitia asidi hizi zetu inakutazama tu. Ndiyo maana inakaa ardhini miaka na miaka bila kuharibika."

"Basi ingekuja kukaa hapa Matongo siku moja, ingejua ugomvi!"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Walipotoa misumari ikawa imevaa shaba nyekundu inayong'aa. Wa Bhoke ulitoka mzuri kuliko yote kwa sababu alikuwa ameusugua kutu kwanza. Akaniomba aende nao nyumbani akamwonyeshe baba yake. Nikampa. Msumari mmoja tu, mama! Nani angefikiri?

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Mwanamke nisiyemjua alinisubiri nje ya geti la shule na furushi la misumari, akaniambia kwa unyenyekevu, "Mwalimu, nigeuzie hii, tutagawana." Nilicheka, nikadhani ni utani, maana Wakurya nao wakiamua kutania hawatabasamu. Hakuwa anatania. Kesho yake vijana wawili wakanizuia njiani, mmoja ameshika sululu begani. "Mwalimu Mpare, hiyo dawa ya bluu unaipata wapi?" Nikawaambia ni mrututu, dawa ya kwato za ng'ombe. Wakatazamana. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, twende, huyu hawezi kusema." Siku ile ile mrututu ukaisha madukani Tarime nzima. Wiki iliyofuata tukakuta kufuli la stoo limevunjwa, chupa za rangi rangi zimebebwa. Kwa bahati asidi niliwahi kuificha ofisini, la sivyo tungezika mtu.

Nilikuwa naogopa, mama, sikufichi. Nikilala naweka jembe nyuma ya mlango.

Halafu ikatokea ya kijana wa karasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikata misumari vipande vipande, akaipaka mrututu, akaenda kumuuzia dalali kwenye mwanga hafifu. Dalali akatia tone la asidi. Yeye na wenzake walimpiga yule kijana mpaka meno ya mbele yakatoka, na wangemtia moto kama polisi wasingepita. Alipoulizwa nani kamfundisha akasema, "Mwalimu wa kemia."

Mkuu wa shule akaniita. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa haketi. "Mwalimu Naetwe, hili jambo limalize. Kesho wataua mtu, kesho kutwa watakuja kwako." Nikauliza uvumi umeanzia wapi. Akasema, "Kwa Mzee Marwa, baba yake Bhoke. Ana msumari wako kaufunga kwenye kitambaa, anasema binti yake anafundishwa kutengeneza dhahabu."

Nilipandwa na hasira! Mimi nimesoma kwa tangawizi zako, mama, ulizobeba kichwani mpaka Mwanga, leo niitwe mganga wa misumari? Nikamsubiri Bhoke baada ya vipindi. Akainama. "Sikumwambia baba ni dhahabu, mwalimu. Nilimweleza yote, chuma na shaba, kama ulivyotufundisha. Alinisikiliza vizuri. Baba anaelewa." Nikajiambia huyu mtoto anamtetea baba yake tu. "Kwa hiyo anadanganya?" nikamuuliza. Akachora chini kwa kidole cha mguu. Mama, pale ndipo ningesimama nikafikiri. Sikufikiri. Unajua nikiwa na hasira na haki iko upande wangu, mimi ni gari bila breki.

Jumapili nikachukua chupa ya asidi, msumari mwingine tulioupaka shaba, na kikombe cha kioo, nikaenda kwa Mzee Marwa. Nilikuta kikao. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vyao vidogo, katikati kaka mkubwa wa Marwa, anaitwa Mzee Chacha. Huyo ni mtu wa ng'ombe. Shimo hajawahi kuingia, anaona uchimbaji ni kazi ya panya. Nikapiga magoti nikatoa shikamoo kwa wote.

Mzee Marwa aliponiona akanyanyuka haraka. Ni mwembamba, ana kikohozi cha vumbi la mawe, anazungumza kwa upole kuliko ukoo wake wote. Akaja kunipokea mbali. "Karibu mwalimu. Leo tuna maongezi ya kifamilia. Njoo keshokutwa, mama Bhoke akupikie."

"Sikuja kula, mzee wangu. Nimekuja kuondoa uvumi."

"Uvumi huisha wenyewe."

"Huu umeshatoa meno ya mtu."

Akatazama chupa mkononi mwangu. "Hiyo ni asidi, mwalimu. Si kitu cha kuleta mbele ya wazee. Nakuomba." Alisema nakuomba, mama. Mzee wa Kikurya, mbele ya kaka zake, kwa mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake. Nami nikajiambia, ahaa, anaogopa kuumbuka.

Mzee Chacha akaita kwa sauti, "Mwache aje! Si ndiye mwenye dhahabu? Na atuonyeshe."

Basi nikawaonyesha. Nikaweka kikombe juu ya kigoda, nikamimina asidi kidogo. Nikaomba kipande cha dhahabu, na jirani mmoja mchimbaji aliyekuwepo akatoa punje yake kwenye kikaratasi. Nikaitumbukiza. Ikazama, ikatulia. Kisha nikatia msumari. Mama, ungeona! Povu likapanda, ukachemka wenyewe bila moto, wekundu ukaanza kubanduka vipande vipande, chuma kikabaki kijivu, uchi. Nikasema kwa sauti yangu ile ya darasani, "Dhahabu haijibu asidi. Chuma kinajibu. Hakuna mtu duniani anayegeuza chuma kuwa dhahabu, si mimi, si Bhoke. Aliyewaambia hivyo amewadanganya."

Wazee wakainama kutazama kikombe. Nilikuwa nimejaa sifa, mama. Nilijiona nimeokoa kijiji.

Mzee Chacha akacheka, kicheko kirefu, akapiga mapaja. "Basi maneno yamekwisha. Marwa, umesikia? Hakuna dhahabu itakayokuja kuzidi ng'ombe. Jumamosi wale ng'ombe waje, mtoto aende kwa mume." Wazee wengine wakaitikia. Mmoja akanishukuru, eti nimewasaidia.

Nikauliza, mume gani? Akanijibu kama ninauliza jua linachomoza wapi. Yule mwenye karasha kubwa, mwenye wake wawili tayari. Aliwaleta washenga tangu mwaka ulipoanza. Marwa ndiye alikuwa anakwamisha kwa ajili ya huo msumari.

Nikageuza uso, nikamwona Bhoke amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika sufuria tupu. Hakulia. Alinitazama tu. Mama, nimewahi kutazamwa vibaya, lakini ule haukuwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyeangusha chungu cha chakula cha watu wote, na hata hasira hana. Mama yake akamvuta ndani.

Mzee Marwa akanisindikiza mpaka njia kuu. Alikohoa njia nzima. Tulipofika penye mkonge akasimama.

"Mwalimu, ulifikiri mimi sijui dhahabu?"

Nikatazama chupa mkononi mwangu.

"Mashimo haya nimeyaingia wewe hujazaliwa. Dhahabu mimi naijua kwa kuiweka kiganjani, nimefumba macho. Msumari ni mwepesi kama unyoya. Binti alinieleza yote, na nilifurahi anavyoeleza. Kisha kaka akaja na habari za ng'ombe. Kwetu, mwalimu, mdogo hamwambii kaka mkubwa hapana. Ng'ombe wa binti ni wa ukoo, watoto wa kaka zangu wanataka kuoa kwa ng'ombe hao. Ningesema hapana, ningefukuzwa, na wangemchukua vile vile. Nikaona hawa wanashindwa na kitu kimoja tu, tamaa. Nikawaonyesha msumari kwa mbali ndani ya kitambaa, nikasema subirini amalize shule, atawaletea ng'ombe wa kufunika mlima. Wakasubiri. Alikuwa amebakiza mwaka na kidogo."

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Nikuambie udanganye? Wewe ni mwalimu, na umelelewa kwenye dini. Nilidhani utanyamaza tu. Kunyamaza si kudanganya."

"Na yule kijana aliyepigwa?"

Akainamisha kichwa. "Huyo yuko shingoni mwangu. Nilimpelekea mtama na kuku. Meno siwezi kumrudishia."

Niliketi pale pale kwenye majani, mama, mwalimu mzima na sketi yangu ya Jumapili, nikalia kwa sauti. Mdomo huponza kichwa, umenipigia kelele hiyo tangu nina miaka saba. Safari hii mdomo wangu umeponza kichwa cha mtoto wa mtu. Ukiniuliza kama nilikosea kusema kweli, sijui. Yule kijana angeweza kuuawa, na wangefuata wengine. Lakini ningeweza kuisemea shuleni, sokoni, kanisani. Nilikwenda kuisemea pale kwa sababu nilitaka Marwa aaibike. Hilo ndilo linaniuma.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza bila kuficha. Akaniuliza jambo moja: kwetu kuna shule? Nikasema ipo, na kaka yangu Elinami anafundisha hapo. Akatoa fomu ya uhamisho, akaandika, akagonga muhuri. "Hii ni halali kabisa," akasema. "Mwanafunzi anahama, basi. Sheria iko upande wetu, ila sheria inakaa mjini na Jumamosi inakuja kijijini." Baba peke yake ndiye alikuwa amebaki kutia sahihi.

Nilidhani nitambembeleza. Leo alfajiri nimesikia kikohozi nje ya dirisha kabla sijamtafuta. Alikuwa amemleta mwenyewe, na sanduku. Akasaini akiwa amesimama, polepole, anaandika jina lake kama anachonga. Nikamuuliza atawaambia nini kaka zake. Akasema, "Nitawaambia ametoroka. Watanipiga faini, watanitenga. Mimi mapafu yangu yamekwisha, mwalimu, wanitenge na nini?" Kisha akamshika binti yake kichwani, akamwambia kwa Kikurya maneno machache. Nilimuuliza Bhoke baadaye maana yake. Ameniambia, "Baba amesema nisome mpaka nimsahau, halafu nimkumbuke."

Kwa hiyo mama, umeshaelewa. Huyo aliyekukabidhi bahasha hii, aliyesimama hapo mlangoni kwako hajui aweke wapi mikono, ndiye Bhoke. Sasa hivi yuko hapa mbele yangu, anakunywa uji, kila pikipiki ikisimama nje anashuka chini ya meza. Basi la Arusha linapakia mizigo. Kaka Elinami atampokea stendi ya Arusha na kumleta kwako. Nimemkalisha karibu na mama mmoja anayekwenda na watoto wake.

Mpe chumba changu. Usimshangae akikuamkia huku ametazama chini, si kiburi, kwao ndiyo adabu. Makande hajazoea, lakini anakula kila kitu kikiwa na maziwa. Vidole vyake vipake ile dawa uliyoificha kabatini, vinamuuma usiku na hatasema. Atakuuliza kwa nini unatia magadi kwenye maharage. Ukishindwa kujibu atakujibu yeye, na wewe mwache tu. Nauli na ada nitashughulika mimi, hilo usiliwazie hata kidogo.

Msalimie sana kaka Elinami na wifi, waambie fomu ya uhamisho iko kwenye sanduku juu kabisa. Msalimie shangazi wa Kisangara aliyenifundisha kushona, na baba mdogo, mwambie ile kesi ya mpaka wa shamba aipumzishe, hata mahakama inahitaji usingizi. Wabusu watoto wote.

Mimi narudi Matongo mchana huu, kesho nina vipindi. Najua Mzee Chacha atakuja kuniuliza binti yuko wapi. Mama, uliyenifunza kwamba uongo hauna mdogo, nitamtazama machoni na kumwambia sijui. Uniombee nisitetemeke.

Na wewe, simu ikilia na sauti usiyoifahamu ikakuuliza kama umepata mgeni kutoka Tarime, usibabaike, wala usidanganye. Mwambie mgeni huna. Una mtoto.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa kitindamimba wako mpaka asubuhi ya leo,

Naetwe.